Maswali ya Wasomaji: Andereseni wa Kindu alitoka parokia gani?

*Mzee wetu wa safu hii, pokea salamu zangu za heshima. Babu yangu mzaa baba alizaliwa Kindu mwaka 1911. Baba yake alikuwa Mnorwei, fundi wa mashine katika meli za mvuke za mto Lualaba, ambaye aliondoka kabla mtoto hajaota meno na hakuonekana tena. Tulichobakiwa nacho ni vitu viwili: jina, ambalo kwenye vitambulisho vyetu limeandikwa Andereseni, na picha ya kijana aliyevaa suti, ambayo nyuma yake ina muhuri wa mpiga picha wa mji wa Fredrikshald na mwaka 1907. Mji huo nimeutafuta kwenye ramani ya simu nisiuone. Mjukuu wangu naye ameandika "Andereseni" kwenye intaneti, asipate kitu. Ni kweli kwamba Wanorwei wana vitabu vya zamani ambamo mtu kama huyu anaweza kupatikana, au niwaache marehemu walale?*
— Mama wa Kadutu, Bukavu

Mama, usiache. Vitabu vipo, vimetunzwa vizuri kuliko katika nchi nyingi, na sehemu kubwa yake inasomeka bure kwenye simu hiyo hiyo ya mjukuu wako. Lakini vitabu hivyo havikupangwa kwa majina. Vilipangwa kwa parokia, na mtu anayeingia humo akiwa na jina peke yake atapata watu mia wenye jina hilo na hatajua yupi ni wake. Kwa hiyo kinachotafutwa kwanza ni mahali na tarehe, na wewe tayari unayo nusu ya mahali.

Fredrikshald hukuiona kwa sababu ilibadilishwa jina. Tangu mwaka 1928 mji huo unaitwa Halden, nao uko kusini-mashariki mwa Norwei, karibu kabisa na mpaka wa Uswidi. Sisi ambao wazee wetu walipokea barua zilizogongwa muhuri wa Costermansville, jina la zamani la Bukavu, hatuna haja ya kushangaa. Ukikuta pia Kristiania katika karatasi zozote, ujue ni Oslo, iliyorudishiwa jina lake mwaka 1925. Hata hivyo, ninaomba uwe mwangalifu na picha hiyo: muhuri unasema kijana alipigwa picha wapi, hausemi alizaliwa wapi. Vijana wa mashambani walishuka mjini kutafuta kazi, na mtu aliyekuwa karibu kusafiri alipenda kuwaachia wazazi picha yake. Uichukue Halden kama mlango tu.

Tuje kwenye jina. Andereseni ni sauti kama ilivyoingia katika sikio la karani wa hapa kwetu, na nyuma ya sauti hiyo yanaweza kusimama majina matatu tofauti: Andersen, Andresen na Andreassen. Kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya Norwei, iitwayo Digitalarkivet, alama ya nyota hushika nafasi ya herufi usizozijua. Mjukuu akiandika And*s*en atayaleta yote matatu kwa mara moja, kisha apunguze orodha kwa kuchagua eneo na mwaka wa kuzaliwa. Aliyekuwa kijana wa kupigwa picha mwaka 1907 na fundi kamili mwaka 1911 huenda alizaliwa kati ya 1875 na 1888.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwisho wa -sen maana yake ni "mwana wa". Kwa desturi ya zamani, Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, dada yake aliitwa Hansdatter, na watoto wa Ole wakawa Olsen na Olsdatter. Yaani jina lilibadilika kila kizazi. Nyuma ya jina hilo liliwekwa jina la shamba alimokaa mtu, nalo lilikuwa anwani zaidi ya kuwa jina la ukoo: mtu alipohamia shamba jingine alilivua kama koti. Watu wa hapa Bushi, nchi ya Washi, wataelewa upesi, kwa sababu ukimuuliza mtu kwao ni wapi atakutajia Kabare, Ngweshe au Kaziba, kisha kijiji, na ukimkosea kijiji umemkosea mtu mwenyewe. Huko Norwei shamba ndilo linalomtenganisha Ole Hansen mmoja na Ole Hansen wa pili, na mara nyingine parokia moja ilikuwa na akina Ole Hansen kumi. Sheria ya mwaka 1923 ndiyo iliyoidai kila familia iwe na jina moja la kudumu, lakini mijini watu wengi walikwisha kuyagandisha majina yao kabla ya hapo. Kwa hiyo usiseme moja kwa moja kwamba baba yake fundi wenu aliitwa Anders. Huenda Anders alikuwa babu yake.

Kwa mtu wenu ningeanza na sensa kabla ya vitabu vya parokia. Sisi ambao sensa yetu ya mwisho ya nchi nzima ni ya mwaka 1984, tena tunaikumbuka kama idadi tu, inatuwia vigumu kuamini kwamba sensa ya Norwei ya tarehe 3 Desemba 1900 inamtaja kila mtu kwa jina, nyumba kwa nyumba, pamoja na kazi yake, mwaka wake wa kuzaliwa na mahali alipozaliwa. Wakati huo fundi wenu alikuwa bado kwao, pengine chini ya paa la wazazi wake. Sensa ya tarehe 1 Desemba 1910 ina faida ya kutoa tarehe kamili ya kuzaliwa, na familia ziliandika pia watu wa nyumbani waliokuwa safarini kwa muda, pamoja na mahali walipodhaniwa kuwapo. Ninakusihi mpitie mistari hiyo moja moja, kwa maana mmoja wake unaweza kuwa umetaja Kongo. Halafu ipo ya mwaka 1920, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2020 kwa sababu sheria yao inaifunga sensa kwa miaka 100. Hiyo itakuonyesha kama alirudi, na kama alioa huko. Katika safu ya kazi mtafute neno maskinist, ambalo ndilo fundi wa mashine.

Mkishapata tarehe na parokia ya kuzaliwa, ndipo mfungue kitabu cha parokia. Mapadre wa Kilutheri wa Norwei waliamriwa kuandika vitabu hivyo tangu miaka ya 1680, na kilicho kikongwe kuliko vyote vilivyosalia, cha parokia ya Andebu, kinaanza mwaka 1623. Vya zamani sana vina taabu yake: mwandiko ni wa Kigothi, lugha ni Kidenmaki, na siku haziandikwi kwa tarehe bali kwa jina la Jumapili ya kanisa. Wewe hutafika huko karibuni. Vya karne ya 19 vina safu zilizochapwa, na mstari wa ubatizo unampa mtoto siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, majina ya wazazi, kazi na makao yao, na wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi hao usiwaruke. Mara nyingi ni shangazi na wajomba. Kitabu cha ndoa cha wazazi hutaja baba zao, na kwa njia hiyo unapanda kizazi kingine. Kitabu cha kuthibitishwa katika imani, ambako kila kijana alipita akiwa na miaka kama 15, hutaja tena kuzaliwa na wazazi, na kwa miaka mingi kiliandika pia siku ya chanjo ya ndui, kwa sababu bila chanjo padre hakumthibitisha mtu.

Sasa nikuambie jambo lisilopendeza. Hata ukimpata maskinist Andersen wa Halden mwenye umri unaofaa, hujampata bado baba wa babu yako. Kinachokosekana ni karatasi moja inayomfunga mtu yule na Kindu, na karatasi hiyo haitatoka Norwei. Tafuta kwanza ubatizo wa babu katika parokia ya Kindu, na usome pembeni mwa ukurasa, ambako mapadre Wakatoliki waliongeza habari za kipaimara na ndoa. Jiandae kukuta pater ignotus, yaani baba hajulikani, hata kama mji mzima ulimjua. Baada ya hapo kuna Brussels, ambako majalada ya watumishi wa koloni sasa yako mikononi mwa hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Ikiwa fundi aliajiriwa na serikali, jalada lake linaweza kutaja mahali na siku aliyozaliwa. Ikiwa aliajiriwa na kampuni ya reli na meli, huenda halimo. Tangu bunge la Ubelgiji lipitishe azimio kuhusu machotara, yaani watoto wa Wazungu na Waafrika wa wakati wa ukoloni, mwaka 2018, na waziri mkuu kuomba radhi mwaka uliofuata, hifadhi hiyo imepewa pia kazi ya kuwasaidia wanaotafuta wazazi wa namna hiyo. Andika kwa Kifaransa, kwa kifupi, ukitaja Kindu, 1911, kazi yake na majina yote matatu. Picha tuma nakala tu, pande zote mbili. Ile yenyewe isitoke nyumbani.

*Mzee, mwanangu anaishi Norwei na ameoa huko. Ninataka wajukuu wangu wajue ukoo wa mama yao kama wanavyoujua wetu, lakini mkwe wangu anasema nyumba ya padre wa kwao iliungua katika karne ya 19, na vitabu vikaungua humo. Je, safari imeishia hapo?*
— Baba wa Himbi, Goma

Mzee mwenzangu, ninyi mlioona lava ya Nyiragongo ikilifikia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mwezi Januari 2002 mnajua swali hili lina uzito gani. Wanorwei nao walichoka kupoteza vitabu kwa moto, na amri ya mwaka 1812 ikaagiza kwamba padre awe na kitabu chake, na mhudumu wa kanisa aitwaye klokker aandike kingine chenye habari zile zile, na kwamba vitabu hivyo viwili visilale usiku chini ya paa moja. Kama moto ulitokea baada ya mwaka huo, huenda nakala ya pili ilisalimika. Kama ulitokea kabla, kuna sensa ya mwaka 1801, iliyowaandika watu wote kwa majina na umri, na kuna vitabu vya kugawa mirathi, ambavyo hakimu alivitunza mbali na kanisa. Mwambie mkweo afungue orodha ya parokia yao kwenye Digitalarkivet: kitabu cha padre huitwa humo ministerialbok, na kile cha pili, ambacho yeye ndicho anachokihitaji, huitwa klokkerbok.