Kidari kilichooza: kwa nini msuli mmoja umepinduliwa na mwingine umesogezwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mombasa. Tumempokea mzee wa miaka 64, ana kisukari. Alifanyiwa baipasi ya moyo (kuunganisha mshipa mwingine ili damu iruke palipoziba) kwa ateri ya ndani ya kifua ya kushoto. Wiki ya 3 kidonda kikafumuka, usaha ukatoka, mfupa wa kidari, ule wa katikati ya kifua, ukaoza. Barua inasema ili kufunika kidonda, msuli wa kifua wa kulia umepinduliwa, wa kushoto umesogezwa. Mbona pande mbili hazikufanywa sawa? Na sisi wodini tuangalie nini?

JIBU: Marahaba, dada. Sababu ni hiyo hiyo ateri uliyoitaja.

Msuli mkubwa wa kifua hupata damu kwa njia 2. Njia kuu hushuka kutoka chini ya mtulinga, upande wa bega. Ya pili ni vijishipa vinavyochomoza kando ya kidari, navyo ni matawi ya ateri ya ndani ya kifua. Kuupindua ni kukata kano yake ya mkononi pamoja na njia kuu, kisha kuugeuza juu ya ukingo wa kidari kama ukurasa wa kitabu. Tangu hapo unaishi kwa vijishipa vya kando peke yake. Kushoto ateri ilishapelekwa moyoni, kwa hiyo msuli ukipinduliwa upande huo huenda ukafa. Ndiyo maana wa kushoto umebanduliwa mbavuni na kuvutwa katikati ukiwa bado umeshikwa na njia kuu. Wa kulia umepinduliwa kwa kuwa hivyo hufika chini zaidi na kujaza shimo.

Hata hivyo, theluthi ya chini ya kidari ndiyo husumbua. Misuli ya kifua haifiki huko vizuri, na hapo ndipo kidonda hupenda kufumuka tena. Msuli wa tumbo wa kulia unaweza kupandishwa. Wa kushoto hautegemewi, kwani nao hulishwa na ateri ile ile iliyochukuliwa. Njia nyingine ni utando wa mafuta wa tumboni, unaojaa vizuri kwenye mashimo na kupambana na vijidudu, ila tumbo hufunguliwa na ngiri inaweza kufuata.

Lakini msuli hauponyi mfupa mchafu. Kabla ya kufunika, waya zote hutolewa, mfupa hukatwa mpaka utoe damu, gegedu (mfupa laini) lililooza huondolewa, na vipande vya mfupa hupelekwa maabara. Mkifunika mapema mmefungia usaha ndani. Wakati wa kusubiri, mashine ya kufyonza majimaji kidondani kupitia sponji husaidia, lakini sponji isigusane na moyo: lazima kuwe na kitambaa kisichonata katikati. Ukuta wa moyo wa kulia huweza kushikamana na nyuma ya kidari, na ncha ya mfupa ikiuchana, damu hutoka kwa kasi ya kuua. Mkiona damu nyekundu ya ghafla, zimeni mashine, gandamizeni, mwiteni daktari wa upasuaji papo hapo.

Sasa wodini. Kila mrija wa majimaji uwe na namba yake na upimwe peke yake, msijumlishe. Kwa kawaida mrija hutolewa majimaji yake yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo. Mrija uliokauka ghafla huku kifua kikivimba si dalili ya kupona, huenda umeziba kwa damu iliyoganda. Dawa za vijidudu hufuata majibu ya maabara, na mfupa ukiwa umeambukizwa mara nyingi huendelea wiki 4 hadi 6. Sukari isipande juu ya 10 mmol/L, na mzee apate samaki, mayai na maharagwe kila siku. Kwa joto letu, jasho chini ya plasta huozesha ngozi. Badilisheni ikilowa, msisubiri ratiba.

Mikono ndiyo hubomoa kazi. Kwa wiki 6 hivi asijisukume kwa viganja kutoka kitandani, asijivute kupanda matatu, asinyanyue mtungi wa maji. Kama anaswali, aswali kwenye kiti, maana kuinuka kutoka sijida hukaza misuli ile ile iliyoshonwa.

Na akirudi miezi kadhaa baadaye na kitundu kinachovuja, asipewe vidonge tu na kurudishwa nyumbani. Mara nyingi ndani kumebaki waya, gegedu au kipande cha mfupa. Apigwe picha ya CT, arudi kwa daktari aliyemfanyia upasuaji.