Mama Shiru anauliza: baridi yabisi yangu inahesabika kuwa ulemavu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni moja huku Industrial Area, nina miaka 41 na naishi Kayole. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 48,000. Miaka sita iliyopita niliambiwa nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Dawa natumia. Kuna siku niko sawa, na kuna siku binti yangu Shiru ndiye hunifungulia hata chupa ya maji. Binamu yangu aliyeko Leicester ana ugonjwa huuhuu, na serikali ya huko humlipa kila mwezi ilhali anafanya kazi. Nilipomuuliza mtu wetu wa HR alicheka, akasema mlemavu ni mtu wa kiti cha magurudumu, mimi mbona natembea. Je, hapa kwetu naweza kudai nini, na nianzie wapi? Na nikijiandikisha, si watapata sababu ya kunifuta kazi? – Mama Shiru, Kayole

JIBU: Mama Shiru, pole na hivyo vidole. Umeniita daktari, lakini mimi ni mtu wa OT, yaani tiba ya kumwezesha mgonjwa kufanya shughuli zake za kila siku, yule anayekuuliza unavyofunga vifungo vya blauzi baada ya daktari kukuuliza panapouma. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati za hospitali zinazopima ulemavu, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona nikiwa upande wa pili wa meza.

Tuanze na huyo aliyecheka. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu inataja kasoro za mwili, za hisi na za akili, halafu inataja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kawaida za kila siku. Ugonjwa umo. Kiti cha magurudumu hakikutajwa popote. Chapisha ukurasa huo uuweke kwenye faili lako, maana hutakuwa umekutana na mcheka wa mwisho.

Lakini usome mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi wa viungo wanapoanguka. Jina la ugonjwa peke yake halikupi chochote. Kinachotazamwa ni shughuli zako za kila siku zimeathirika vipi.

Sasa, pesa za binamu. Anazopata Uingereza huenda ni zile ziitwazo PIP, zilizoanza mwaka 2013. Hulipwa hata mtu aliyeajiriwa, na hutolewa kwa kuhesabu pointi: unapikaje, unaogaje, unavaaje, unatembea umbali gani. Hapa Kenya hakuna malipo ya namna hiyo kwa mfanyakazi wa umri wako, na ni heri nikuambie mapema kabla hujamaliza nauli ukizunguka ofisi za watu. Inua Jamii unayoisikia redioni, ule mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na upande wake wa walemavu ni wa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa kabisa anayehitaji kutunzwa muda wote. Wewe unayepanda matatu kwenda kazini hutaingia. Akija mtu mtaani akuambie umpe kitu kidogo akupenyeze kwenye orodha, huyo ni mwizi.

Kitu kikubwa unachoweza kudai ni kodi. Chini ya amri iliyotolewa mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha na KRA, mamlaka ya kodi, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Nimekupigia hesabu kwa viwango vya 2025. Kwenye 48,000 toa NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na ushuru wa nyumba, kisha kokotoa PAYE, ile kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, na uondoe ile nafuu ya kawaida ya 2,400. Inabaki kama shilingi 5,300 ambazo zinakwenda kila mwezi na zingebaki kwako. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Inua Jamii, na ni pesa yako mwenyewe. SHA, NSSF na ushuru wa nyumba vitaendelea kukatwa kama kawaida, usije ukagombana na watu wa mishahara. Ungekuwa unalipwa chini ya 24,000 nisingekusumbua na safari hii, kwa sababu kwa mshahara huo hakuna PAYE ya kusamehewa.

Njia ni hii: unapimwa ulemavu katika hospitali ya umma yenye kamati, ripoti inakwenda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unasajiliwa na kupata kadi, kisha ndipo unaomba msamaha wa kodi. Wengi hudhani kadi ndiyo msamaha. Sivyo, ni maombi mawili tofauti. Kwako wewe wa Kayole, Mama Lucy ni karibu. Piga simu au pita kwanza uulize kamati hukaa siku gani, maana haikai kila siku.

Hapo kwenye kamati ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kuna mama mmoja sitamsahau, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuja amesukwa nywele vizuri, blauzi ya vifungo vidogo, viatu vya kamba. Mwenzangu akamuuliza, "Unajivalisha mwenyewe?" Akajibu, "Ndiyo, daktari." Unapika? Napika. Unafua? Nafua. Ikaandikwa hivyo. Alipoinuka kutoka, nikaona vidole vimepinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, kisha bintiye akaingia mbio kumshikia mkoba na kumfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka. Tukamrudisha kitini. Kumbe vifungo vyote alifungiwa asubuhi ile, na nguo hufuliwa na jirani kila Jumamosi. Kwa nini hakusema? Akaniangalia kama nimemtukana. "Sasa niseme mbele ya watu kwamba sijivalishi?"

Naelewa aibu hiyo. Tumelelewa kujibu "nzuri" hata nyumba ikiungua. Ila fomu haina nafasi ya kuandika aibu. Ukiniambia "napika", nitaandika anapika. Ukiniambia kwamba tangu mwaka jana Shiru ndiye husonga ugali kwa sababu mwiko unakuteleza na mkono wa pili hauwezi kushikilia sufuria, nitaandika hayo, na hayo ndiyo yanayopima kitu. Ugali, kwa kweli, ni kipimo kizuri kuliko mashine yetu ya kupima nguvu za kiganja. Unataka mshiko, kifundo cha mkono, kiwiko na bega, vyote kwa pamoja na kwa nguvu, dakika kadhaa mfululizo.

Hapa binamu yako anaweza kukufaa, si kwa pesa bali kwa mbinu. Wapimaji wa PIP hawaishii kwenye "unaweza au huwezi". Wanatakiwa kuangalia kama unaweza jambo hilo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi kiasi. Wanaangalia pia kama shida ipo zaidi ya nusu ya siku zako. Fomu yetu haikuulizi hivyo, lakini hakuna anayekukataza kujibu hivyo. "Naweza kumenya viazi, viwili, halafu kisu kinaniponyoka." "Naoga mwenyewe, ila mgongo siufikii na inanichukua robo tatu ya saa." Jibu la aina hiyo hunisaidia kuandika.

Kwa hiyo wiki nne kabla ya kupimwa, chukua daftari. Kila usiku mistari mitatu tu. Mfano: "Jumanne. Niliamka saa kumi na moja, vidole havikukunja mpaka saa moja kasoro. Makanga alinivuta mkono nikipanda, nikaumia bega. Kazini nilichapa kwa kidole kimoja mpaka saa nne." Siku nzuri nazo uziandike, na uziandike kwa uaminifu. Daftari lenye siku mbaya tupu halimshawishi mtu, na kamati ina macho. Tunaona unavyotoa simu kwenye mkoba. Nimewaona waliochechemea mpaka mlangoni petu, halafu tukitoka kwenda kula tunawakuta stejini wakikimbilia gari. Usiongeze chumvi hata kidogo. Ugonjwa wako unatosha ulivyo.

Kama dawa yako ni methotreksati ya mara moja kwa wiki, andika pia siku inayofuata. Kichefuchefu na uchovu wa siku ile vinakula shughuli zako sawasawa na maumivu, na watu huvisahau kwa sababu wanadhani tunauliza viungo tu.

Kutoka kwa daktari wako wa viungo, omba barua badala ya kadi ya kliniki tupu. Iseme ugonjwa ulithibitishwa mwaka gani, dawa zipi zimejaribiwa na zikaleta nini, viungo gani vimeharibika kwenye picha za eksirei, na kwamba hali hii haitarajiwi kupona. Neno hilo la mwisho ndilo litakalogombaniwa. Baridi yabisi hupanda na kushuka, na mpimaji asiyeizoea akikukuta siku iliyoshuka anaweza kuandika kwamba ulemavu ni wa muda. Mwombe daktari aeleze huko kupanda na kushuka kwa sentensi moja.

Siku yenyewe, vaa viatu unavyovaa siku zako mbaya. Nenda na Shiru ikiwa ni mtu mzima, na umruhusu aseme. Watoto wetu hujua mambo tuliyokwisha kuzoea mpaka hatuyaoni.

Ukinyimwa, usipige kelele dirishani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiofisi unapokuumiza. Ziombe, uone ni nini hakikuonekana, urudi na ushahidi wa jambo hilo hasa. Nimeona waliorudi na barua ileile mara tatu na wakapata jibu lilelile mara tatu.

Ukishapata kadi, maombi ya kodi yatataka PIN, cheti cha KRA kwamba huna deni la kodi, slipu za mshahara, ripoti ya hospitali na barua ya mwajiri inayoeleza jinsi ulemavu unavyoathiri kazi yako. Ndiyo, barua ya mtu wenu wa HR. Mpelekee pamoja na ule ukurasa wa Katiba. Cheti kina tarehe ya kuisha, kwa hiyo anza kukihuisha miezi michache kabla, la sivyo PAYE itarudi kimyakimya mwezi unaofuata. Na ritani za kodi utaendelea kuwasilisha kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hulipi senti.

Mambo mawili utakayoambiwa na watu wa ofisini, niyapitie upesi. Fidia ya WIBA, chini ya sheria ya 2007, ni ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Kibodi inakuumiza, lakini haikukuletea baridi yabisi, kwa hiyo usimlipe mtu akufungulie dai hilo. Mafao ya NSSF ya kutojiweza ni ya mtu ambaye hawezi tena kufanya kazi, moja kwa moja. Wewe bado unaweza, na nia yetu ni uendelee kuweza.

Kuhusu kufutwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kutojiweza kimwili ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama. Mwajiri mbaya hazuiwi na karatasi, hilo sitakudanganya. Lakini mwajiri mbaya huona pia zile siku unazochelewa na zile unazoomba ruhusa. Ukiwa hujasema lolote, kwenye faili lako zinasomeka kama uzembe. Likizo ya ugonjwa ambayo sheria inakuhakikishia, baada ya miezi miwili kazini, ni angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Kwa ugonjwa wako hizo zinaweza kuisha kabla ya Aprili.

Ndiyo maana ningekushauri uandike barua moja fupi kabla hata ya kadi kutoka. Usiombe huruma, omba vitu. Kuingia saa tatu badala ya saa mbili, na ile saa uilipe jioni. Kipanya cha kushikwa kwa wima, ambacho hakikunji kifundo. Faili nzito zihamishwe kutoka rafu ya juu zishuke usawa wa kiuno. Ambatisha barua ya daktari, toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo yenye muhuri uende nayo nyumbani. Usiiache kwenye droo ya ofisi.