Kwa nini noti za Uingereza hazikufa mwaka 1797?

SWALI: Nasoma uchumi mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa mwaka 1797 Benki ya Uingereza iliacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu, na ikawa hivyo hadi 1821. Noti za Ufaransa za miaka hiyohiyo zilikuwa na dhamana ya ardhi, lakini zikafa. Iweje karatasi tupu iaminike kuliko yenye dhamana? Na mwanauchumi David Ricardo alibishana na wakurugenzi wa benki hiyo juu ya nini hasa?

JIBU: Tumezoea kuuliza nyuma ya noti kuna nini. Swali lenye uzito zaidi ni nani anayemzuia mwenye mtambo wa kuchapa asiendelee kuchapa.

Assignat, yaani hizo noti za Ufaransa, zilianza kutolewa 1789 kwa dhamana ya mali ya Kanisa iliyotaifishwa. Dhamana ilikuwepo kweli. Ila vita vilipamba moto, kodi haikusanyiki, na kila pengo la bajeti likazibwa kwa noti mpya. Ardhi ilibaki ileile. Februari 1796 mitambo ya kuzichapia ikavunjwa hadharani jijini Paris.

London, hofu ya kuvamiwa na Wafaransa iliwafanya watu wakimbilie dhahabu, na Februari 1797 serikali ikaamuru benki isitishe malipo ya dhahabu. Papo hapo wafanyabiashara wakubwa wa jiji wakakutana na kutia saini azimio la kuzipokea noti. Serikali nayo ilizipokea kwa kodi, na kuanzia 1799 ikatoza kodi ya mapato kugharamia vita. Juu ya yote, katazo lilikuwa la muda: watu walitarajia kwamba ipo siku dhahabu italipwa tena kwa bei ya zamani. Kwa maoni yangu, tarajio hilo ndilo lililozibeba noti.

Lakini zilishuka thamani. Aunsi ya dhahabu, ambayo bei yake rasmi ilikuwa pauni 3, shilingi 17 na peni 10 na nusu, mwaka 1809 iliuzwa sokoni kwa takriban pauni 4 na shilingi 10. Ricardo akaandika gazetini kwamba noti zimezidi. Wakurugenzi wakakana: sisi hutoa noti pale tu mfanyabiashara anapoleta hati nzuri ya deni la bidhaa halisi, basi zitazidije mahitaji ya biashara?

Hoja hiyo bado inavutia, na hapa nakuomba utulie. Jibu lake bora lilishatolewa 1802 na Henry Thornton, mwanabenki na mbunge. Sheria ilikataza riba kuvuka asilimia 5. Biashara ikileta faida ya, tuseme, asilimia 8, kila mtu atataka kukopa kwa 5, na hati zao zote zitakuwa nzuri. Noti mpya zitapandisha bei. Bei zikipanda, mzigo uleule utaandikiwa hati ya pauni nyingi zaidi, na hati hiyo itarudi benki kudai noti nyingi zaidi. Uaminifu wa mkopaji mmoja mmoja hauwekei kikomo jumla ya noti.

Mwaka 1810 kamati ya Bunge, Thornton akiwa mjumbe, iliwauliza wakurugenzi: riba ikishushwa hadi asilimia 4 au 3, noti hazitazidi? Wakajibu hazitazidi. Jibu hilo linanitisha, maana hawakuwa wezi. Walikuwa watu waadilifu walioshika nadharia isiyo na breki.

Mwaka 1811 Bunge liliikataa ripoti ya kamati, iliyotaka benki irudi kulipa dhahabu, kisha likaifuata njia hiyo kwa sheria ya 1819.

Ricardo mwenyewe hakuiabudu dhahabu. Mwaka 1816 alipendekeza mzunguko uwe wa karatasi tu, na benki ilipe vipande vya dhahabu kwa mwenye noti nyingi. Mpango wake wa mwisho, uliochapishwa 1824 akiwa ameshafariki, ulitaka kazi ya kutoa noti ikabidhiwe makamishna 5 ambao mawaziri wasingeweza kuwafukuza wala kukopa kwao moja kwa moja. Usome mpango huo sambamba na sheria ya benki kuu ya nchi yako, hasa vifungu vya mikopo kwa serikali.