Kujitolea City Park: huhitaji kuwa mtaalamu

Umeuliza kama mtu asiyesomea misitu ana la kufanya na Friends of City Park, kikundi cha kujitolea kinachotunza bustani yenye msitu ya City Park jijini Nairobi, kilicho chini ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Analo, tena sana.

Kazi inayokula muda ni kung'oa mimea vamizi kama lantana. Usifyeke ukaondoka: kisiki kikibaki kitachipua, mvua ikinyesha kichaka kinarudi kizito zaidi. Chimba hadi mizizi, ila angalia kwanza chini yake, maana mara nyingi pana mche wa mti wa asili unaotafuta mwanga. Huo ndio tunaouhangaikia. Vaa glavu na shati la mikono mirefu, lantana inachuna ngozi vibaya.

Kima usiwape karanga hata wakikuomba kwa macho. Wakizoea, wanaanza kunyang'anya watoto.

Na usidhani ni miti tu. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, amezikwa pale tangu 1990 kwa kuwa alitaka kulala karibu na kaburi la rafiki yake, mwanasiasa na mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965. Inaniuma kuona familia zikipita hapo bila kujua. Kama unajua kusimulia, njoo hata bila jembe.

Ukiwa huru Jumatano asubuhi, anza na matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi. Waulize wanaoyaongoza, watakuelekeza kwa Friends of City Park.