Barua kwa mwanangu: aliyeila kemshafti ya Chevelle si wewe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema mjukuu wangu ametimiza miaka 15 na anataka muifungue pamoja injini ya ile Chevelle yetu, gari letu la zamani la Chevrolet, nawe unasita, kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu "mimi ndiye niliyeiharibu mara ya kwanza, na sitaki kumrithisha mtoto makosa yangu." Kisha unaniuliza kama kuizima kwako injini siku ile, kabla dakika 20 za kuizoeza kazi hazijatimia, ndiko kulikoila kemshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu. Jibu ni hapana. Jibu hilo nilikuwa nalo tangu ulipokuwa na miaka 16, na ninaona haya kuandika kwamba sikukupa.

Utakumbuka jinsi gari lile lilivyotufikia: kutu chini ya mikeka, panya ndani ya kiti cha nyuma, na nembo za SS 396, lile toleo la kasi lenye injini kubwa, zikimeremeta pembeni kuliko kitu kingine chochote. Mimi nilizitazama nembo. Wewe ulichukua kitambaa, ukafuta kibati cha namba kinachoonekana kupitia kioo cha mbele, ukasoma kwa sauti kwamba namba inaanza na 136, ilhali Chevelle ya SS 396 ya mwaka 1968 huanza na 138. Yaani tulikuwa tumenunua Malibu ya kawaida iliyobandikwa nembo na mtu fulani, yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 327, ambayo ni kama lita 5.4. Nilinuna siku mbili nzima, nawe ulicheka mpaka ukakaa chini. Nalitaja hilo kwa sababu tangu siku ya kwanza wewe ndiwe uliyekuwa ukisoma kabla ya kushika, na mimi nikishika kabla ya kusoma, na mambo yote yaliyofuata yalikwenda hivyo hivyo.

Kuhusu overholi yenyewe, yaani kuifumua injini na kuijenga upya, sina mengi. Ulipima nafasi za beringi kwa subira ambayo mimi sina, ukazikaza bolti za silinda hedi kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, hadi paundi-futi 65, na hapakuvuja kitu. Ninachotaka kukueleza kinaanzia kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda.

Ulizungusha krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, mpaka alama ya puli ikalingana na sifuri, kisha ukaiteremsha distributa huku rota, ncha yake inayozunguka, ikielekea waya wa silinda ya kwanza. Sasa unajua, na wakati ule hukujua, kwamba alama hiyo hufika kwenye sifuri mara mbili katika kila duru kamili ya kazi ya injini, kwa kuwa krankshafti huzunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja: safari moja pistoni ya kwanza huwa juu ikiwa imegandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na safari ya pili huwa juu ikimalizia kutoa moshi. Anayetaka uhakika huchomoa plagi ya kwanza na kuziba tundu lake kwa kidole, na pumzi ikikisukuma kidole hujua kwamba huo ndio mgandamizo. Wewe hukuziba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, mikono nimeikunja, na nililiona kosa hilo wazi kabisa. Nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba ni kosa la bure. Injini itakohoa, mtoto atashangaa, atatafuta, atapata, na hatasahau maishani. Nilijiona mwalimu hodari. Kwenye injini iliyokwisha kuzoea kazi, huenda ningekuwa sahihi, lakini ile ilikuwa na kemshafti mpya na tapeti mpya (vile vipande vinavyoinuliwa na nundu za kemshafti) za kusuguana, si za rola, na tapeti za aina hiyo zina utoto wake, yaani muda wa kuzoeana na nundu. Uso wa tapeti, ambao ukiutazama unauona bapa, una mbinuko mdogo sana, na nundu ya kemshafti nayo ina mteremko mdogo, ili kila nundu inapoinua tapeti iizungushe pia kidogo. Katika dakika za mwanzo nyuso hizo mbili hukutana mahali padogo mno, na mzigo wote wa springi ya valvu hulala hapo. Kinachoziokoa ni ile grisi nyeusi ya molibdeni tuliyoipaka kwa vidole, na baada yake oili, ambayo katika injini kama ile hufika kwenye nundu hasa kwa kurushwa na krankshafti inapozunguka kwa kasi. Ndiyo maana huambiwa injini ikiwaka tu ipandishwe mara moja hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ikae huko dakika 20 hadi 30, na isiachwe ikinguruma polepole kwa ajili ya kufurahisha masikio.

Sasa kumbuka tulichofanya. Kwa sababu ya distributa iliyogeuzwa, tulipiga stata, tukapumzisha betri, tukapiga tena, karibu robo saa, kwa mwendo ule wa stata ambao haurushi oili ya maana. Kila mzunguko uliifuta grisi ile kidogo kidogo. Nilikuwa najua sababu ya injini kutowaka na nilikuacha uhangaike, nikitabasamu ndani ya moyo, na wakati huo huo nundu zilikuwa zinavuliwa nguo. Mwishowe wewe mwenyewe ulichomoa plagi, ukaweka kidole, ukaigeuza distributa, na ukairudia kwa sauti ile namba ya mfuatano wa cheche kama mtoto anayekariri: 1-8-4-3-6-5-7-2. Injini ikawaka papo hapo. Ulinitazama kwa furaha, nami nikapokea furaha hiyo bila kuwa na haki nayo.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Katika karatasi yako ya mahitaji uliandika oili ya injini za zamani, au kopo la kiongeza zinki. Nilikata mstari huo kwa kalamu nikasema oili ni oili, nikanunua dumu la oili ya magari mapya. Oili hizo zilipunguziwa zinki na fosforasi kwa sababu huharibu kichujio cha kusafishia moshi, kifaa ambacho Chevelle ya 1968 haina, na zinki hiyo hiyo ndiyo inayohitajiwa na tapeti za kusuguana. Wewe ulikuwa umesoma hayo. Mimi nilikuwa nimeokoa fedha kidogo.

Ndipo tunafika kwenye jambo ulilolibeba miaka yote hii. Dakika ya sita au ya saba petroli ilianza kudondoka kwenye kiungo cha bomba la kabureta, juu ya chuma kilichokwisha kupata moto, nawe ukazima injini. Nilikupigia kelele: kwa nini umezima? Mwanangu, ulizima kwa sababu gari lilikuwa karibu kuwaka moto na baba yako alikuwa ameinama juu yake. Hakuna fundi mwenye akili ambaye angefanya vingine. Kuzima vile hakuiui kemshafti, kwani mtu hurekebisha kinachovuja, huwasha tena, na hupandisha mizunguko mara moja akiendelea na dakika zilizobaki, kama tulivyofanya baada ya nusu saa.

Wiki chache baadaye injini ilianza kukohoa kupitia kabureta. Tulipofungua kifuniko cha valvu tuliona roka zote, ile mikono inayosukuma valvu, zikicheza isipokuwa moja, ya valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu, iliyokuwa ikitikisika tu. Nundu yake ilikuwa imelika karibu kuwa duara, valvu haifunguki ipasavyo, na moshi ulionyimwa njia yake ulikuwa ukirudi kwenye kabureta. Oili uliyoimwaga ilimeremeta vumbi la chuma, kwa hiyo ilibidi tuivue injini yote tuioshe. Ukasema, "Ni mimi, nilizima mapema." Mimi nilikuwa nimeishika tapeti ile, uso wake umechimbika kama kijiko, na nilijua vizuri kilichotokea. Nilinyamaza mara ya pili. Kunyamaza kwangu mara ya kwanza naweza kusema kulikuwa mbinu mbaya ya kufundisha, ila huku kwa pili hakuna jina lingine isipokuwa woga wa mzazi kuonekana mjinga mbele ya mtoto wake.

Kwa hiyo mfungue injini pamoja na mwanao. Mwache akosee mambo yanayojionyesha yenyewe, kama nati iliyokazwa upande usio wake au waya uliopita njia mbaya. Kosa ambalo chuma kitalilipa kabla yeye hajaliona, mwambie hapo hapo, hata akinuna. Kuhusu kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki bila vigingi vya kulishikilia, au kupuliza kwa hewa vumbi la breki za zamani ambalo laweza kuwa na asbesto, hilo usilifanye somo la aina yoyote, kataza tu. Kabla ya kuteremsha distributa, zungusheni pampu ya oili kwa drili kupitia tundu lake mpaka oili ionekane kwenye roka zote 16. Watu watakushauri uweke kemshafti ya tapeti za rola, ambayo haihitaji utoto huu wote. Ni ghali zaidi, na wenye kupenda asili watalalamika. Mimi, baada ya yaliyonipata, nisingewasikiliza, lakini uamuzi ni wenu wawili.

Karatasi yako ya mahitaji ninayo bado, na nimeitia ndani ya bahasha hii. Mstari wa saba ndio wenye mkwaruzo wa kalamu yangu. Mwonyeshe mjukuu wangu kabla hamjakwenda kununua oili.

Ni mimi baba yako.