Pata sahihi kabla ukuta haujapigwa plasta

Wadogo zangu mafundi bomba, hasa nyinyi mlioanza juzi kuchukua kazi kwa makandarasi wakubwa kwa jina lenu wenyewe, naandika kwa sababu nimechoka kuona hela zenu zinapotea kwa njia ileile. Kazi mnaijua. Bomba zimenyooka, viungo vimekaa, maji yanatoka. Halafu mradi ukiisha mnasimama getini kubembeleza jasho lenu, na aliyeko ofisini ana karatasi, nyinyi hamna hata moja.

Shida ya fani yetu ni kwamba kazi yetu hufunikwa. Fundi rangi akiambiwa kapaka vibaya, ukuta upo, watu watautazama. Sisi tukimaliza anakuja wa plasta, anakuja wa vigae, anakuja wa jipsamu, na yote tuliyofanya yako chini ya saruji. Tangu siku hiyo kila unyevu unaoonekana kwenye jengo ni wa fundi bomba. Ndiyo maana ugomvi wa ubora na ugomvi wa malipo huja pamoja: asiyetaka kulipa leo hutafuta tone la maji.

1. Kipimo cha presha kisicho na shahidi hakihesabiki.

Kabla sijajitegemea nilikuwa fomani upande wa mkandarasi mkuu, kwa hiyo haya niliyaona nikiwa upande wa pili wa meza. Tulikuwa na jengo la ghorofa Dar es Salaam, na kijana mmoja, mkono wake mzuri sana, alipewa mabomba ya maji ya ghorofa mbili. Akalaza PPR zake vizuri, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto wa mashine. Kila kiungo kilikuwa na zile pete mbili zinazotokeza sawasawa pembeni, dalili kwamba hakuzidisha moto wala hakupunguza. Akajaza maji, akapampu hadi presha ya bar 10, akaacha usiku kucha. Asubuhi geji iko palepale. Akafurahi, akafungua maji, akamwambia fundi plasta aendelee. Hakuniita. Hakumwita injinia wa mshauri, yule anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye jengo. Alikuwa na picha moja ya geji kwenye simu, imepigwa karibu mno, haionyeshi ni chumba gani wala ghorofa gani.

Miezi ikapita. Wakaja mafundi wa kabati za jikoni na drili zao. Mmoja akatoboa bomba, na hakuna aliyejua, kwa sababu skrubu ikiingia kwenye bomba huziba tundu lake yenyewe. Inaweza kukaa hivyo muda mrefu. Kutu ikianza kuila ndipo maji yanapopata njia. Ikaja doa kwenye dari ya chini, vigae vya ukutani vikaanza kuachia, mwenye jengo akaja juu. Ofisi ikamwandikia kijana barua: uvujaji umetokana na kazi duni, gharama za vigae, jipsamu na rangi zitakatwa kwenye malipo yake.

Naye alifanya nini? Alikuja mbio siku ileile, kwa moyo mweupe kabisa, akabomoa ukuta, akakata kipande kilichotoboka, akaunganisha kipya, akapima, akaziba. Kile kipande cha zamani akakitupa kwenye kifusi, na lori la kifusi likaondoka jioni hiyo. Mimi nilikiona kabla hakijatupwa. Tundu la mviringo, katikati ya bomba lililonyooka, mbali na kiungo chochote, na ncha ya skrubu bado imenasa. Kiungo kilichochomwa vibaya huvuja kwenye kiungo. Hakuna moto wa mashine unaotoboa tundu la duara katikati ya bomba. Kile kipande peke yake kilikuwa utetezi wake wote.

Kwenye kikao QS, yaani mkadiriaji wa gharama za ujenzi, akamwuliza: fomu ya kipimo iko wapi? Hakuna. Nani alishuhudia? Hakuna. Mlipofungua ukuta mlimwita nani? Hakuna. Fundi wa kabati akasema hakugusa bomba lolote. Nikasema nilichokiona, lakini neno la fomani lililotoka mdomoni halikuweza kushindana na barua iliyokwisha andikwa. Wakamkata. Alikuwa na vibarua wa kuwalipa na deni la vifaa Kariakoo, na ile hela iliyokatwa ndiyo aliyokuwa ameitegemea. Nilimwona akikusanya mashine yake na kuondoka bila kuaga mtu. Mpaka leo naumia nikimkumbuka, kwa sababu alikuwa sahihi na alionekana mkosaji.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku moja kabla ya kipimo, tuma ujumbe kwa fomani na kwa mshauri: kesho saa nne napima chumba fulani, karibuni. PPR ikipewa presha hutanuka kidogo, geji itashuka mwanzoni. Ongeza, subiri itulie, ndipo muanze kuhesabu saa mbele yao. Andikeni presha ya kuanza, saa, presha ya mwisho, majina, sahihi. Wasipokuja, ule ujumbe uliotuma ni ushahidi kwamba waliitwa. Piga picha ya ukuta mzima, jina la chumba limeandikwa kwa chaki, futi imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye bomba. Nakala ya picha hizo wape mafundi wa kabati na wa bafu kabla hawajashika drili. Acha presha ndani ya bomba wakati plasta inapigwa na vigae vinawekwa, na geji mahali panapoonekana: atakayetoboa na kuchomoa drili atajulikana palepale. Na ukifungua ukuta baadaye, usikate kitu hadi mtu wa upande wa pili amesimama hapo. Kipande ulichokata weka kwenye mfuko, andika tarehe.

2. Kubalianeni pointi ni nini.

Sinki la bafuni lina maji baridi, maji moto na njia ya maji machafu. Wewe kichwani umehesabu pointi tatu za kulipwa. QS amehesabu moja. Ugomvi wa namna hii nimeuona ukivunja urafiki wa miaka. Kabla ya kutaja bei, chora choo kimoja na jiko moja kwenye karatasi, hesabuni pamoja, wekeni sahihi. Soma pia yale maneno madogo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei: nani anachimba ukuta, nani anarudishia, nani ananunua vibanio, nani anatoa maji na umeme wa kufanyia kazi. Kuchimba na kurudishia ukuta wa tofali ni vibarua wa siku nyingi, na mara nyingi vimefichwa ndani ya bei yako bila wewe kujua.

3. Kazi ya nyongeza iandikwe jioni ileile.

Fomani atakuambia, "Kaka, sogeza hicho choo upande wa pili, tutakuwekea kwenye malipo." Anasema kweli wakati huo. Lakini fomani anahama saiti, na anayekuja hajui lolote. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua makubaliano ya mdomo; tabu ni kuyathibitisha. Tuma ujumbe mfupi jioni: kama ulivyoagiza leo, nimehamisha choo cha chumba fulani, vifaa hivi, siku mbili za mafundi wawili. Akijibu "sawa," umemaliza.

4. "Nikilipwa nitakulipa."

Hii ndiyo lugha ya makandarasi wengi, na sitawatetea hata kama nimekula mshahara wao. Uingereza kifungu cha namna hii kilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale mlipaji wa juu amefilisika. Huku kwetu jilinde mwenyewe kwenye mkataba. Weka tarehe: siku kadhaa baada ya kuwasilisha dai, awe amelipwa au hajalipwa. Akikataa kabisa, basi vifaa anunue yeye, wewe uza ufundi. Usichukue koki na PPR za watu kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa mkopo kufadhili jengo la mtu mwenye magari matatu.

Na dai likatwe vipande vidogo. Aliyefanya kazi ya miezi mitatu bila kudai amemkopesha mkandarasi bila riba. Maliza ghorofa, pima, pata sahihi, dai. Wakikata kodi ya zuio, ile inayotolewa kwenye malipo yako kabla hujapewa, dai cheti chake.

5. Makosa yetu wenyewe tuyakubali.

Siyo kila barua ya kazi duni ni uonevu. Nimefungua kuta nikakuta aibu. Mashine ya kuunganishia PPR iwe nyuzi 260 za Selsiasi, bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha ushike bila kuzungusha mpaka lipoe. Ukizidisha, plastiki inajikusanya ndani na kuziba njia. Presha itapita kwenye kipimo lakini bafu la juu litatoa maji kama machozi. Bomba la inchi nne la maji machafu lipe mteremko wa sentimita 1 kila sentimita 40, lijaze maji ulipime kabla zege halijamwagwa. Maji moto kushoto. Kosa likiwa lako, rekebisha haraka na useme kwa maandishi kwamba umerekebisha, ili lisirudi tena kwenye dai la mwisho.

6. Pesa ya matazamio.

Hii ni sehemu ya malipo yako wanayoizuia kama dhamana ya kasoro, na hapa ndipo wengi mnasahau hela zenu kabisa. Tuseme kazi ni milioni 20 na wanazuia asilimia 10: hiyo ni milioni 2. Kwa kawaida nusu hutoka jengo linapokabidhiwa, nusu kipindi cha matazamio kikiisha, mara nyingi miezi 6 au 12. Lakini kipindi hicho huanza jengo lote likikabidhiwa, na wewe ulimaliza mabomba yako zamani. Mkandarasi akichelewa na madirisha, hela yako inalala naye. Jaribu kuandika kwamba sehemu yako ihesabiwe tangu ulipokabidhi wewe. Siku ya kukabidhi, tembea chumba kwa chumba na fomani, fungua kila koki, na orodha ya kasoro isainiwe ikiwa na tarehe.

7. Ukidhulumiwa.

Usirudi usiku kung'oa koki. Najua hasira yake, lakini utageuka mshtakiwa na deni lako litasahaulika. Andika barua ya madai, taja kiasi, ambatisha fomu zako, toa siku 14. Omba kikao na QS akiwepo, kwa sababu mara nyingi bosi hajui fomani alikuahidi nini. Ikishindikana, angalia mkataba unasemaje kuhusu usuluhishi; Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, lina kazi ya kusaidia kutatua migogoro ya kiufundi kwenye ujenzi, na mahakama zipo. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini usisubiri: mafundi waliokushuhudia wanahama, simu zinaibwa, picha zinapotea. Weka nakala ya kila fomu nyumbani, na nyingine kwa mtu unayemwamini.