Moshi baridi penye joto: barafu iwe ya mwisho

Msomaji mmoja wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ametuandikia kwa uchungu. Ametengeneza tanuri la moshi kwa pipa la lita 200, akalijaza chupa za barafu, na bado jibini yake imetoka jasho la mafuta na kunata kwenye wavu. Anauliza aongeze chupa ngapi. Asiongeze hata moja kwa sasa. Barafu ni ya mwisho katika kazi hii, na karibu kila anayeanza huanzia hapo.

Samaki wa moshi tuliowazoea, ngege na sangara wa mwaloni (ufukwe wanaposhushwa samaki), huwa wameiva: moto wao hupita nyuzi 60, mara nyingi hata 80. Moshi baridi ni kazi nyingine kabisa. Chakula kibaki chini ya nyuzi 30 muda wote, na jibini ikiwezekana isipite 25. Joto likizidi hapo, jibini hutoa mafuta, mafuta ya nguruwe hulainika, na samaki huanza kuiva na kumeguka.

Joto la ndani ya pipa lina vyanzo vitatu: hewa ya nje, moto wako, na jua. Januari Gulu, saa tisa alasiri hewa hupita nyuzi 30. Ukiongeza nyuzi tano za moto mdogo, umeshashindwa hata kabla jua halijaligusa pipa. Lakini alfajiri, mahali hapo hapo, hewa hushuka hadi karibu 20, na moto ule ule utakuweka kwenye 25. Kwa hiyo washa saa kumi usiku, umalize saa mbili au tatu asubuhi. Wa Kabale wana nafuu, maana wako karibu mita 2,000 juu ya bahari na usiku wao ni wa baridi. Sisi wengine tuamke. Anayetaka moshi baridi saa nane mchana huku pipa jeusi limesimama juani anajisumbua bure. Pipa likae kivulini, lipakwe rangi nyeupe kwa nje tu, au lizungushiwe bati lililoachana nalo inchi mbili ili hewa ipite katikati. Gunia lililoloweshwa husaidia pia, lakini penye hewa kavu tu, kama Karamoja wakati wa kiangazi. Entebbe, kando ya ziwa, gunia hukaa na unyevu wake na halipoozi kitu cha maana.

Sasa moto, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Usitumie makaa wala vipande vya kuni. Tumia unga wa mbao unaofuka bila kuwaka, kwenye trei ya wavu wa chuma wenye matundu madogo, iliyogawanywa iwe njia moja inayozunguka kama konokono. Njia iwe na upana wa sentimita nne na kina cha tatu. Kati ya mstari na mstari acha nafasi ya sentimita tatu au nne, na ukuta wa wavu usimame juu kuliko unga. Nafasi ikiwa ndogo, moto huruka kwenda mstari wa pili, ncha mbili zinafuka kwa pamoja na joto linaongezeka maradufu bila wewe kujua. Washa ncha moja kwa mshumaa, subiri ishike vizuri, kisha zima mwali. Nusu kilo ya unga mkavu inaweza kufuka kwa muda wa saa nane au zaidi.

Unga uanikwe juani mpaka usishikane ukiufumbata. Ule ushauri wa kulowesha mbao ili moshi uwe mwingi ni wa kupuuza: unachopata ni mvuke na moto unaozimika, halafu mtu anashawishika kumwagia mafuta ya taa. Unga laini mno hujibana na kuzima. Maranda ya randa nayo yana hewa nyingi, huwaka mwali. Changanya, unga uwe mwingi kuliko maranda. Mti mzuri ni mwembe, mpera, mparachichi, mfenesi, au visiki vya mkahawa ambavyo wakulima hukata kila wanapofufua shamba. Usiokote tu unga wa karakana ya fenicha, kwa sababu una msonobari, mikaratusi, gundi na vanishi. Na kama unapasua kwa msumeno wa injini, mafuta ya mnyororo yawe ya kula, maana yote huishia kwenye unga.

Trei ikae nje ya pipa, kwenye kisanduku cha matofali ya kuchoma. Chimba mtaro wa mita tatu wenye kina cha sentimita 40, jenga njia ya matofali yenye uwazi wa inchi nne, funika kwa vigae au matofali, kisha udongo. Pipa liwe juu kuliko moto kwa sentimita 30 angalau, kwa hiyo mwenye kiwanja cha mteremko ana bahati. Jioni mwagia mtaro jerikeni moja ya maji, kwa kuwa udongo wenye unyevu hubeba joto vizuri kuliko mkavu. Lakini mtaro una mpaka wake: hauwezi kuupooza moshi chini ya joto la udongo wenyewe, ambalo Kampala ni kama nyuzi 22. Kuurefusha hadi mita sita hakuleti baridi zaidi. Moshi hupoa ukakosa nguvu ya kupanda, na lami ya moshi hujaa njiani. Bomba la plastiki hulainika karibu na moto, na bati lenye zinki lisikae pale joto lilipo kali, kwani mvuke wa zinki ni sumu.

Juu ya pipa weka dohani ya mita moja na uiache wazi. Watu hupenda kuifunga ili moshi usipotee, wakapata chakula kichungu cheusi. Moshi mzuri ni mwembamba, unaoelekea ubuluu. Acheni kupenda moshi mwingi!

Ukishayafanya hayo, kama kipimajoto kilichowekwa usawa wa chakula, si kwenye kifuniko, bado kinapanda, ndipo barafu inaingia. Tumia chupa za lita moja na nusu, zijazwe sehemu tisa kwa kumi, maana maji yakiganda huongezeka karibu asilimia tisa. Usiziweke chini moshi unapoingilia: baridi itaukalisha moshi hapo hapo. Zipange juu ya chakula, chini yake sinia la kukinga matone, na uache nafasi pembeni. Barafu huleta unyevu, na chakula chenye maji juu hushika uchungu. Kikauke kwanza mpaka ngozi yake inate kidogo ukiigusa.

Moshi baridi hauui vijidudu. Anza na jibini, chumvi, karanga na simsim. Bekoni inataka gramu 25 za chumvi kwa kilo ya nyama, pamoja na gramu mbili na nusu za chumvi ya nitriti (ya kuhifadhia nyama) ya asilimia 6.25, siku saba kwenye friji, na bado ipikwe kabla ya kuliwa. Ngege wa moshi baridi wa kuliwa mbichi nyumbani, hapana. Samaki wa maji baridi huweza kuwa na minyoo, na huyo mwachie moto wa mwaloni.

Jibini ikitoka, ifunge kwa karatasi ukae nayo kwenye friji wiki moja hadi mbili kabla ya kuikata. Siku ya kwanza ina ladha ya majivu hata kama umepatia kila kitu.